Fataki za kawaida na fataki za mashindano kwenye bastola: shemeji analipia nini hasa?

MtotoWaIsevya:

Wakuu, habari za jioni. Niko Tabora mjini, fundi wa kukereza vyuma. Silaha sina na sijawahi kuomba kibali cha kuwa nayo, kwa hiyo msinianzie. Uzi huu umezaliwa na ugomvi wa kwenye grupu la familia.

Shemeji yangu, mume wa dada, anaishi Ohio, Marekani. Kule amejiunga na klabu ya kulenga shabaha kwa bastola, na kama wenzake wengi anajaza risasi zake mwenyewe. Anaokota maganda baada ya zoezi, anayasafisha, anatoa fataki iliyokufa, anapachika mpya, anatia baruti, anabana kichwa juu, basi. Kwao ni halali, anafanyia kwenye gereji na hiyo meza yake nimeiona kwa video.

Kwa wageni wa mambo haya: fataki ninayoisema siyo ile ya mkesha wa Mwaka Mpya, wala siyo yule Fataki wa matangazo ya redio aliyekuwa akiwawinda wanafunzi. Ni kile kikombe kidogo cha shaba katikati ya kitako cha risasi. Pini ya bastola inakigonga, kinatoa mwali, mwali unawasha baruti.

Sasa shemeji kanunua boksi mbili. Moja ni fataki za kawaida, nyingine zimeandikwa za mashindano, na hizi za pili bei iko juu. Anasema tangu aanze kutumia za mashindano risasi zinakwenda anakotaka, na kwamba zile za kawaida zilimwaibisha uwanjani: anabonyeza traiga, kah, kimya. Dada anasema hiyo ni hela ya watoto wao, Kulwa na Doto, inayochomwa moshi. Mimi nimewekwa refa, refa mwenyewe sijui sheria za mchezo.

Je, kuna tofauti ya kweli, au ni rangi ya boksi?

Mtu_wa_Mwanga:

Huku Kigoma fataki tunazozijua ni za gobore. Babu yangu Kasulu alikuwa anazihifadhi kwenye kibuyu cha ugoro, siku moja akakosea kibuyu... nitasimulia siku nyingine. Swali langu dogo tu: hivyo vidude vya shemeji haviwezi kuvaa kwenye gobore?

Karani_Mstaafu:

Kabla hamjafika mbali. Ndugu wa Mwanga, hata gobore ni silaha na linahitaji kibali kama bastola. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, kutengeneza silaha au risasi bila leseni ni kosa, wala haijalishi ni moja au elfu. Anachofanya huyo shemeji Ohio asije akadhani atakifanya likizo akija Ipuli. Mengine endeleeni, nasoma.

Mtu_wa_Mwanga:

Karani punguza, nimeuliza tu. Gobore lenyewe lilishasalimishwa zamani, kibuyu ndicho kilichobaki.

MzeeWaUgalla:

Nimekuwa askari wa wanyamapori miaka mingi, nimelala Ugalla kuliko nilivyolala kwangu. Naomba mnivumilie, maana hili la fataki watu wanalianzia katikati.

Wazee wetu wa Unyamwezi, toka enzi za Mirambo na rugaruga wake, waliishi na bunduki za kushindilia. Ya kwanza ilikuwa gumegume. Jiwe linagonga chuma, cheche zinaangukia kwenye kisahani chenye baruti kidogo, moto unapenya tundu hadi kwenye baruti kubwa ndani. Kati ya kuvuta na kulia kuna muda. Kanga anaona mwako, anaruka, mlipuko unamkuta hayupo. Usidhani ni shida ya Sikonge tu. Mchungaji mmoja wa Scotland, Alexander Forsyth, alikuwa mwindaji wa ndege na alikereka kwa jambo hilohilo. Mwaka 1807 akapata hataza ya kuwasha bunduki kwa dawa inayolipuka ikigongwa, bila jiwe. Hapo ndipo ukoo wa fataki unapoanzia. Baadaye ile dawa ikawekwa kwenye kikofia cha shaba kinachovikwa kwenye chuchu ya bunduki, na hicho ndicho alichokijua babu wa Kasulu. Kwa hiyo jibu la swali lako, bwana mdogo, ni hapana. Fataki ya gobore ni kofia ya kuvika kwa nje, fataki ya risasi ni ya kupachikwa ndani ya kishimo. Jina moja, kazi moja, maumbo mbalimbali.

Ndani ya fataki ya bastola kuna vitu vitatu. Kikombe chenyewe, dawa iliyokaushwa chini yake, na kijichuma chenye miguu kinachokaa juu ya dawa. Hicho kijichuma kazi yake ni fuawe, na MtotoWaIsevya atanielewa haraka. Pini ni nyundo, dawa iko katikati, fuawe inapokea. Nyundo bila fuawe ni kupiga godoro. Likumbukeni hilo la fuawe, nitalirudia.

Sasa, fataki zenye fuawe yake ndani zinaitwa Boxer, kwa jina la afisa wa Uingereza. Zile ambazo fuawe ni sehemu ya ganda lenyewe zinaitwa Berdan, kwa jina la Mmarekani. Zote zilitokea miaka ya 1860, na dunia ilivyo na vituko, Wamarekani wakaishika ya Mwingereza na Ulaya kwingi wakaishika ya Mmarekani. Shemeji anaweza kujaza upya kwa raha kwa sababu maganda ya Boxer yana kitundu kimoja katikati, unasukuma kipini kwa ndani, fataki kuukuu inadondoka. Ganda la Berdan lina vitundu viwili vya pembeni, kipini hakina pa kupita.

Nikiwa kijana tulipewa bunduki za .303 za zamani. Dawa ya fataki zake ilikuwa na klorati ya potasiamu, ikiungua inaacha chumvi ndani ya mtutu. Masika ya Ugalla ukiacha hivyo usiku mmoja, asubuhi mtutu una kutu kama jembe la mgumba. Dawa yake ni maji ya moto, siyo mafuta, maana mafuta hayayeyushi chumvi. Tulikuwa tunachemsha sufuria mbili, moja ya chai na moja ya bunduki. Siku moja mpishi alizichanganya.

MtotoWaIsevya:

Mzee shikamoo. Hiyo ya chai usiiache hewani.

MzeeWaUgalla:

Marahaba. Bunduki haikudhurika.

Shemeji_wa_Ohio:

Wakuu salaam, ndiye mimi mtuhumiwa. Mzee, shikamoo. Shemeji kaniletea kiungo cha uzi, nikaona nijitetee mwenyewe.

Mchezo wangu ni ule wa kusimama, mkono mmoja, shabaha ya duara. Yadi 50 unapiga polepole, yadi 25 unapiga kwa kuhesabiwa sekunde. Mashindano kamili ni risasi 270 kwa siku. Hapa Ohio ndiko kwenye uwanja wa Camp Perry, ambako mashindano ya taifa yalihamia mwaka 1907, kwa hiyo mkoa mzima una wazee wenye maoni. Mzee mmoja wa klabu ndiye aliyeniambia, kijana, ukitaka kupanda nunua fataki za mashindano.

Nieleze ninavyojua. Chukueni kiwanda cha Federal, maana wao wanauza daraja zote mbili kwa bastola. Fataki yao ndogo ya kawaida ni namba 100, ya mashindano ni GM100M. Upana ni uleule, milimita 4.45. Kwa zile kubwa ni 150 na GM150M, milimita 5.33. Tofauti wanayoiuza ni usawa: vipimo vya kikombe, dawa na fuawe vinabanwa zaidi, ukaguzi unaongezwa. Hawakuambii kwamba ina nguvu zaidi. Yenye mwali mkubwa zaidi ni daraja lingine kabisa, za magnamu, na hizo ni kwa baruti nyingi au ngumu kuwaka.

Kuna jambo lililonishangaza nilipolisoma. Dawa inapakwa ikiwa mbichi, imelowa kama udongo wa mfinyanzi, kwa sababu ikikauka ndiyo inakuwa na hasira. Kuna bamba lenye matundu mengi madogo, mfanyakazi anaisugua ile dawa juu ya bamba hadi kila tundu lijae sawasawa, kama muuza dagaa anayesawazisha kopo kwa kiganja. Kwa hiyo kwenye kitu kidogo hivyo kuna mkono wa mtu, na mkono una siku njema na siku mbaya.

Kuhusu bei, dada yenu ana haki kidogo. Kabla ya 2020 elfu moja zilikuwa kama dola 30 hadi 40. Ukaja uhaba, watu wakauziana kwa dola 100 na zaidi. Bei imetulia lakini haijarudi ilikokuwa, na za mashindano ziko juu ya hapo.

Fundi_Saa_Nzega:

Naunga mkono shemeji. Kitu cha bei kina sababu yake.

Mtu_wa_Mwanga:

Fundi Saa, wewe ndiye uliyeniuzia betri "orijino".

Mwalimu_Chaki:

Nimefundisha fizikia, naomba ubao.

Kazi ya fataki "sawasawa" ni kufanya kila risasi itoke kwa mwendo uleule. Basi tuchukulie fataki mbaya kweli, mbaya kuliko utakazozikuta dukani, kiasi kwamba risasi moja inatoka kwa mita 250 kwa sekunde na inayofuata mita 240. Upepo na ukinzani wa hewa tuuache.

Kwa mita 25, ya kwanza inasafiri sekunde 0.1. Kwa muda huo inaanguka sentimita 4.9. Ya pili inachelewa kidogo, inaanguka sentimita 5.3. Tofauti yake ni milimita 4. Duara la 10 kwenye shabaha ya kimataifa ya bastola mita 25 lina upana wa milimita 50.

Kwa mita 50 mambo yanakuwa mazito kidogo: sentimita 19.6 dhidi ya 21.3, tofauti ni sentimita 1.7, na duara la 10 ni lilelile la milimita 50. Hapo mtu wa daraja la juu anaweza kupoteza pointi moja moja.

Sasa upande wa pili wa ubao. Juu ya bastola kuna vijiti viwili vya kulengea, cha nyuma na cha mbele. Tuseme kati yao ni sentimita 16. Mkono ukitikisika cha mbele kikahama milimita 1 tu, kwa mita 25 risasi inahama zaidi ya sentimita 15. Shemeji, nisamehe, lakini fataki inakuibia milimita 4 na kiganja kinakuibia sentimita 15, wewe umemkamata mwizi wa kuku ukamwacha wa ng'ombe.

Shemeji_wa_Ohio:

Mwalimu umenichapa mbele ya wakwe.

Kijana_wa_Urambo:

Lakini mbona wapigaji wa raifo wanasisitiza sana fataki za mashindano? Nao hawajui hesabu?

Mwalimu_Chaki:

Wanajua, na hesabu yao ni nyingine. Kuanguka kunakua kwa mraba wa muda. Mita 25 ukizizidisha mara mbili, tofauti yetu ilizidi mara nne. Mtu anayepiga yadi 600 au 1,000 tofauti ndogo ya mwendo inamshusha chini kabisa ya duara. Tena yeye amelala, bunduki imeegemea, mkono haumwibii kama bastola ya mkono mmoja. Ongea na shemeji kuhusu fataki za benchi, za wanaopiga bunduki ikiwa imeegemezwa mezani.

Shemeji_wa_Ohio:

Kweli, kiwanda cha CCI wana zao za benchi, BR-2 na BR-4, na zote mbili ni za raifo, bastola hakuna. Sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Tahadhari moja kwa atakayesoma akiwa kwenye nchi inayoruhusu: fataki ndogo ya raifo na ndogo ya bastola zina upana mmoja, unaweza kudanganyika. Kikombe cha raifo ni kigumu zaidi, bastola yenye springi laini haitakiamsha. Na ukibadilisha aina ya fataki, hata daraja tu, usiendelee na kipimo chako cha baruti kana kwamba hakuna kilichotokea. Unashuka, unaanza kupanda tena polepole kwa kitabu cha kiwanda.

MzeeWaUgalla:

Mwalimu kamaliza upande wa usahihi. Mimi bado nina upande wa ile "kah, kimya", maana kwangu hiyo ndiyo kesi yenyewe. Mkosa shabaha anarudi nyumbani bila nyama. Ambaye bunduki yake imenyamaza mbele ya nyati pengine harudi.

Shemeji, nijibu maswali manne bila kujipendelea. Boksi ya kawaida na ile ya mashindano, ni za kiwanda kimoja? Zilizonyamaza, ukizigonga mara ya pili zinalia? Zilinyamaza kwenye bastola ipi? Na hayo maganda unayaokota ya nani?

Shemeji_wa_Ohio:

Mzee unanihoji kama mahakamani.

La kwanza, hapana. Za kawaida ni za kiwanda kingine, jina naliacha. Za mashindano ni Federal.

La pili, ndiyo, nyingi zililia mara ya pili.

La tatu, kwenye bastola mbili. Nina ya 9 mm, ya kujipakia yenyewe, na nina rivolva (ile yenye silinda inayozunguka) ya .38 Special ambayo fundi alinilainishia springi ili traiga iwe nyepesi.

La nne, ya .38 ni yangu mwenyewe. Ya 9 mm naokota uwanjani, ya kila mtu, hata ya jeshi yamo, yale yenye alama ya msalaba ndani ya duara kwenye kitako.

MzeeWaUgalla:

Basi mwanangu hukulinganisha kawaida na mashindano. Umelinganisha viwanda viwili, kisha ukaita madaraja. Ni sawa na kunywa asali ya Sikonge na sukari guru ya Kilosa halafu ukasema umegundua tofauti ya asali mbichi na iliyochujwa.

Nianze na rivolva. Kila kiwanda kina ugumu wake wa kikombe na wepesi wake wa dawa. Federal zinajulikana kuitika kwa pigo dogo, ndiyo maana watu wa rivolva zenye springi laini wanazifuata, na wanazifuata hata zile za kawaida. Springi yako umeilegeza, nyundo inabisha hodi kwa adabu. Fataki ngumu haifungui mlango kwa hodi ya adabu. Hapo ungeweza kununua Federal 100 ya bei ya chini ukapata kilekile.

9 mm ni kesi nyingine. Fataki inayonyamaza pigo la kwanza na kulia la pili, mara nyingi haikukalishwa hadi chini. Rudini kwenye fuawe. Miguu ya fuawe lazima iguse sakafu ya kishimo. Ikiwa inaelea, pigo la kwanza la pini linamalizia kazi uliyoiacha wewe, linaisukuma fataki chini. La pili ndilo linaloiponda dawa. Fataki imelaumiwa, kumbe aliyeipachika hakumaliza.

Na sharti moja kabla ya yote. Ikinyamaza, usifungue haraka. Mtutu ubaki umeelekea shabaha, hesabu nusu dakika. Ziko zinazochelewa.

MtotoWaIsevya:

Hapa sasa mmeingia kwenye karakana yangu.

Shemeji, ile picha uliyotuma kwenye grupu, yenye risasi zimepangwa kama askari, nimeikuza. Risasi ya tatu na ya sita kutoka kushoto, fataki zake zinang'aa ukingoni. Kitu kilichozama hakipati mwanga pembeni. Zimechomoza, shemeji. Chukua rula ya chuma, simamisha risasi, pitisha ukingo wa rula juu ya kitako. Rula ikikwama au ikicheza, fataki iko juu. Inatakiwa iwe chini ya uso wa kitako kidogo sana, kucha ipite bila kujikwaa.

MzeeWaUgalla:

Jicho la fundi hilo. Naongezea: fataki iliyochomoza kwenye bastola ya kujipakia yenyewe siyo aibu tu ya kunyamaza. Kifunga mtutu kinaporudi kwa kishindo kinaweza kuigonga ikalia kabla chumba hakijajifunga vizuri. Hizo risasi usizipige. Na usizisukume fataki chini zikiwa zimeshatiwa baruti na kichwa. Vunja, anza upya.

Fundi_Saa_Nzega:

Naondoa kuunga mkono kwangu kwa muda.

Shemeji_wa_Ohio:

Nimetoka gereji. Nimepitisha rula kama shemeji alivyosema. Katika boksi moja ya 9 mm rula imejikwaa mara kadhaa, na karibu zote zina ule msalaba wa jeshi. Nimeangalia maganda matupu ya aina hiyo: ukingo wa kishimo umegongwa kiwandani ukabana, ili fataki isitoke kwa mtikisiko wa bunduki za rasharasha. Fataki ya zamani inatoka kwa kusukumwa, lakini ule ukingo uliobana unabaki. Mpya inaingia kwa mabavu, inaishia njiani, na mimi nahisi ugumu mkononi nadhani imefika. Kuna kifaa cha kunyoa ukingo huo. Ninacho. Kiko kwenye kasha, sijawahi kukifungua.

Mtu_wa_Mwanga:

Kwa hiyo fataki za mashindano zilikuwa zinaingia vizuri kwenye maganda yaleyale?

Shemeji_wa_Ohio:

Swali zuri, na limeniuma. Hapana. Za mashindano kwa sababu ni ghali nilizichagulia maganda mapya. Yale ya kuokota niliyapa za bei nafuu.

Mtu_wa_Mwanga:

😂😂😂 Mwenye kiatu kipya anakwepa tope.

Mwalimu_Chaki:

Mwanafunzi akiniletea jaribio lenye vitu vitatu vilivyobadilika kwa pamoja, namrudishia daftari. Kiwanda, daraja, ganda. Na ulipiga ngapi kwa kila aina?

Shemeji_wa_Ohio:

Tano tano, kwenye karatasi mbili.

Mwalimu_Chaki:

Tano! Ukipiga tano tano mara kumi kwa risasi zilezile, karatasi kumi zitakuletea hadithi kumi. Nyingine matundu yatabanana, nyingine yatatawanyika kama mbuzi wa mnadani, na hujabadilisha chochote. Weka maganda ya aina moja, baruti ileile, kichwa kilekile, badilisha fataki peke yake. Namba 100 na GM100M, kiwanda kimoja. Piga hamsini kwa kila moja, bastola ikiwa imeegemezwa, siyo mkono mmoja hewani. Mtu mwingine akupakie ili usijue ni ipi.

Dada_Mkubwa:

Nimefika. Nimesoma toka juu. Kumbe nimezungukwa na majaji na hakuna aliyenipigia.

Shikamoo Mzee wa Ugalla. Kwanza nashukuru kwa hilo la kuvunja risasi, maana huyu angezipiga. Pili, mnaongelea usawa wa dawa na fuawe, mimi naongelea gereji. Watoto wanapita pale. Hiyo dawa ina nini ndani?

MzeeWaUgalla:

Marahaba binti. Umeuliza la maana kuliko sisi wote.

Dawa ya fataki nyingi za siku hizi imejengwa juu ya chumvi ya risasi, yaani madini ya risasi (lead), pamoja na bariamu na antimoni. Ikilipuka, moshi na vumbi lake vina madini ya risasi, na yanabaki kwenye masizi ndani ya maganda. Kwa mtoto madini hayo ni sumu ya ubongo. Kwa hiyo maganda yasisafishwe jikoni wala kwenye karai la nguo. Asile chochote kwenye ile meza, anawe mikono kwa sabuni kabla hajamshika Kulwa, na nguo za uwanjani zifuliwe peke yake. Daraja la mashindano halipunguzi hilo hata kidogo.

Fataki zikae kwenye pakiti zake za kiwandani, pakavu, pamefungwa kwa ufunguo. Asizimwage pamoja kwenye chupa ya jemu kama misumari. Moja ikilia chupani zinaitikiana zote. Shemeji, wewe zile za Federal umeona visahani vyake vilivyo vikubwa, kila moja na chumba chake?

Shemeji_wa_Ohio:

Nimeona, nikadhani ni mbwembwe za boksi ya bei. Lakini na ile namba 100 ya kawaida nimeiona dukani, sahani zake ni kubwa hivyohivyo.

MzeeWaUgalla:

Kwa sababu zote ni nyepesi kuamka. Wanazitenga zisigusane.

Dada_Mkubwa:

Basi nimeelewa. Kufuli nanunua mimi, na bili namwekea yeye.

Kijana_wa_Urambo:

Nje ya mada kidogo, ile risasi ndogo ya .22 ya mashindano mbona hamjaitaja? Yenyewe inatumia fataki gani?

Shemeji_wa_Ohio:

.22 haina fataki ya kupachika. Dawa imezungushwa ndani ya ukingo wa kitako, pini inagonga ukingo, ganda linabonyea, limekwisha. Haijazwi upya. Pale unanunua tu na kunyamaza, na dada yako anapenda zaidi hivyo.

MtotoWaIsevya:

Wakuu, narudisha mrejesho baada ya wiki kadhaa, maana nyuzi nyingi humu zinakufa bila kujua mgonjwa alipona.

Shemeji amenyoa maganda yote ya jeshi kwa kile kifaa cha kwenye kasha. Rula haikwami tena. Zile fataki za kawaida za mwanzo, boksi ileile aliyoisema vibaya, zimelia zote kwenye 9 mm. Kwenye rivolva bado zinanyamaza moja moja, kama Mzee alivyosema, na Federal namba 100 za kawaida zinaitika bila kinyongo. Kwa hiyo boksi haikuwa na kosa kubwa, nimemwambia aiombe radhi.

Jaribio la Mwalimu amelifanya nusu. Rafiki yake wa klabu alimpakia bila kumwambia ipi ni ipi. Baada ya karatasi nane aliulizwa achague karatasi za mashindano. Alichagua kwa kujiamini sana. Nyingi alizochagua zilikuwa za kawaida.

Mwalimu_Chaki:

Na nusu ya pili?

Shemeji_wa_Ohio:

Mvua ilinyesha, Mwalimu. Lakini msinizike mapema. Za mashindano zilizobaki nimeziweka kwa ajili ya yadi 50, mwaka huu nataka kwenda Camp Perry. Sentimita 1.7 yako ya ubaoni nitaihitaji siku hiyo, hata kama ni ya kunituliza roho. Mazoezi yote mengine ni za kawaida.

Na kwa kuwa hapa tunazungumza sayansi, nimeona kuna kifaa kinaitwa kronografu, unakiweka mbele ya mtutu, kinakusomea mwendo wa kila risasi. Kingemaliza ubishi huu moja kwa moja. Bei yake siyo mbaya sana ukilinganisha na

Dada_Mkubwa:

Malizia sentensi ukija ndani. Chakula kiko mezani, na mikono ukanawe.